Taa ya betri ikiwaka garini, usikimbilie kununua betri mpya

Taa ndogo nyekundu yenye umbo la betri inapowaka kwenye dashibodi huku gari likitembea, madereva wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoendelea na safari kwa kuwa gari bado linakwenda, na wapo wanaopitia dukani kununua betri mpya. Wote wanaweza kujikuta wamekwama barabarani baada ya muda mfupi, pengine usiku, pengine watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Ingawa ina picha ya betri, mara nyingi taa hiyo haisemi kwamba betri imekufa. Inasema betri haichajiwi. Kifaa kinachoichaji kinaitwa altaneta, na baadhi ya mafundi hukiita jenereta ya gari. Altaneta au nyaya zake zikiwa na hitilafu, betri mpya itakwisha kama ilivyokwisha ile ya zamani, na fedha zako zitakuwa zimekwenda bila tatizo kuondoka.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua hitilafu hiyo, vipimo ambavyo mzazi anaweza kuvifanya au kusimamia vikifanyika, mambo ya kukataa gereji, na hatari za kiafya zinazoambatana na betri ya gari nyumbani.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi ambao hadi leo hutumika kufundishia wahudumu wa afya. Walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaogharimu maisha ya wajawazito: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Ucheleweshaji wa pili ndio unaotuhusu hapa. Familia yenye gari hujiona imelimaliza tatizo la usafiri. Lakini gari ambalo haliwaki saa nane usiku, mtoto akiwa na degedege au mama akiwa na uchungu, ni sawa na gari ambalo halipo. Pengine ni baya zaidi, kwa sababu dakika ishirini huishia kwenye kugeuza ufunguo, kusukuma na kutafuta jirani mwenye waya za kubustia, wakati ambao familia isiyo na gari ingekuwa imeshampigia dereva wa bajaji.

Gari nalo halifi ghafla kama inavyodhaniwa. Mfumo wa kuchaji hutoa dalili kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kabla ya kuzima kabisa.

Umeme wa gari unavyozunguka

Betri ina kazi kubwa moja: kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili stata izungushe injini. Injini ikishawaka, altaneta huchukua zamu. Huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, ambao wengi huuita feni belti, na umeme wake huendesha taa, feni, redio, pampu ya mafuta na kompyuta ya gari. Unaobaki huirudishia betri kile ilichotumia kuwasha.

Ndani ya altaneta kuna sehemu inayozunguka, iliyosukwa kwa waya wa shaba. Ili izalishe umeme, inahitaji kupewa umeme kidogo wa kuanzia, unaopitia kwenye vipande viwili vidogo ambavyo mafundi huviita kaboni. Kifaa kingine, regyuleta, hupima hali ya betri na kuamua umeme uongezwe au upunguzwe. Vifaa vingine, diodi, hugeuza umeme uwe wa aina ambayo betri inaweza kuipokea.

Kwa hiyo tatizo la kuchaji linaweza kuwa mahali popote kwenye mzunguko huo: mkanda, kaboni, regyuleta, diodi, fyuzi, waya uliokatika, kichwa cha betri chenye kutu, au betri yenyewe. Anayebadilisha betri bila kupima ni sawa na anayemeza dawa ya malaria kwa kila homa.

Dalili zinazotangulia

Ya kwanza ni taa nyekundu ya betri kuwaka injini ikiwa inanguruma, hata kama inawaka na kuzima. Taa inayokuja na kuondoka unapokanyaga mafuta huashiria mkanda unaoteleza, kaboni zilizoisha au plagi iliyolegea.

Ya pili ni taa za mbele kufifia gari likiwa kwenye foleni na kung'aa unapokanyaga mafuta. Ya tatu ni gari kuwaka kwa uzito asubuhi, au stata kutoa mlio wa "tik-tik-tik" bila injini kuzunguka. Ya nne ni mlio mkali wa mkanda asubuhi au unapowasha kiyoyozi.

Zipo pia dalili za altaneta inayochaji kupita kiasi, nazo hupuuzwa zaidi: balbu zinazoungua mara kwa mara, betri inayovimba mbavu au kupungua maji haraka, na harufu kama ya yai viza karibu na boneti. Hii ni hatari zaidi ya betri kutochajiwa, kwa sababu betri inayochemka hutoa gesi inayolipuka.

Ipo dalili moja ambayo wengi hawaijui. Unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya betri inatakiwa iwake, kisha izime injini ikishawaka. Kama haiwaki kabisa swichi ikiwa imefunguliwa, hiyo si habari njema. Huenda balbu yake imeungua, fyuzi imekatika au waya umeachia. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha altaneta, hivyo balbu ndogo iliyoungua inaweza kuifanya altaneta nzima isichaji.

Anza na macho kabla ya mita

Zima injini, toa ufunguo, fungua boneti. Watoto wakae mbali. Kama umevaa mtandio, khanga au tai, vua au funga vizuri, maana mkanda ukishaanza kuzunguka hauna huruma.

Angalia mkanda kwanza. Ukiwa na nyufa, umechanika pembeni au unang'aa kama kioo, umechoka. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya magurudumu mawili. Kwenye magari mengi yanayokazwa kwa bolti, ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Mkanda uliolegea hauizungushi altaneta kwa kasi inayotakiwa, hasa mzigo wa umeme unapokuwa mkubwa.

Kisha angalia vichwa vya betri. Ungaunga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Shika kila kichwa ujaribu kukizungusha kwa mkono, kikizunguka, kimelegea. Hitilafu nyingi zinazodhaniwa ni kubwa huishia hapa, kwa spana namba kumi na brashi. Unapofungua, anza na upande hasi. Unapofunga, malizia na hasi. Hivyo spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya hakutatokea cheche. Vaa glavu, na usiupulize unga huo kwa mdomo.

Fuata waya mnene mweusi unaotoka upande hasi wa betri hadi unapofungwa kwenye bodi na injini. Huu ndio waya wa ethi. Ukiwa na kutu au umelegea, gari huonyesha vituko vya kila aina, ikiwamo kutochaji.

Mwisho kagua fyuzi. Mchoro wake uko kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Katika Toyota nyingi za zamani zilizojaa mitaani kwetu, altaneta ina waya mnene mmoja uliofungwa kwa nati na plagi ndogo yenye nyaya tatu: IG inayoleta umeme wa swichi, S inayoipa regyuleta habari za betri, na L inayokwenda kwenye taa ya dashibodi. Fyuzi ya waya mmoja kati ya hizo ikikatika, altaneta nzima inaweza kuonekana mbovu. Fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT hukatika hasa gari likibustiwa kwa kugeuza nyaya, chanya ikakaa kwenye hasi. Kama gari liliazimwa au lilibustiwa karibuni, mwambie fundi. Daktari huuliza historia ya mgonjwa, na fundi mzuri naye atauliza.

Vipimo ambavyo havidanganyi

Mita ya kupimia umeme inauzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme, na si lazima iwe ya gharama. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Waya mwekundu uguse chanya ya betri, mweusi uguse hasi.

Kipimo cha kwanza hufanyika asubuhi kabla ya kuwasha gari. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na karibu robo tatu, 12.2 karibu nusu, na 12.0 karibu robo tu. Chini ya hapo usishangae gari likikataa kuwaka.

Kipimo cha pili, mtu mwingine awashe gari huku ukitazama mita. Namba itashuka stata inapozunguka, kisha itapanda. Ikishuka chini ya 9.6 wakati betri imejaa, betri yenyewe imechoka. Hapo ndipo kununua mpya kuna maana.

Kipimo cha tatu ndicho cha altaneta. Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi, ukanyage mafuta kidogo. Namba isishuke sana chini ya 13.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka taratibu, altaneta haichaji. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na inaikaanga betri. Gari lisitumike mpaka litengenezwe.

Angalizo moja: baadhi ya magari mapya huendesha altaneta kwa kompyuta, na hushusha volti kwa makusudi ili kupunguza matumizi ya mafuta. Kwa gari la aina hiyo, namba ya chini si ushahidi wa kutosha. Fundi anahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kama altaneta imeonekana haifikishi umeme, kuna kipimo kimoja zaidi ambacho mafundi wenye haraka hukiruka. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, waya mmoja wa mita uguse nati ya waya mnene nyuma ya altaneta, mwingine uguse chanya ya betri. Tofauti haipaswi kuzidi takriban 0.3. Kisha mmoja uguse bodi ya altaneta, mwingine hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2. Ikizidi, altaneta inaweza kuwa nzima na umeme unapotelea njiani, kwenye waya ulioliwa na kutu au nati iliyolegea. Kazi hii mwachie fundi, kwa sababu mikono inakaribia mkanda unaozunguka na nati yenye umeme wa moja kwa moja.

Diodi nazo zina kipimo chao. Mita ikihamishiwa kwenye volti za AC na kupimwa kwenye betri injini ikiwaka, ikisoma zaidi ya 0.5, kuna diodi iliyokufa. Diodi mbovu ina tabia ya ajabu: inaweza kunyonya betri usiku kucha gari likiwa limezimwa. Unapima mchana altaneta inachaji, lakini kila asubuhi betri imelala. Familia nyingi hubadilisha betri mara mbili au tatu kabla ya kugundua hilo.

Kinachotengenezwa na kinachobadilishwa

Si kila altaneta mbovu ni ya kutupa. Kaboni huisha kwa kusuguana, kama soli ya kiatu, na kuzibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi umeme. Regyuleta na diodi pia hubadilishwa bila kununua altaneta nyingine. Beringi zikianza kuvuma kama nyuki, hubadilishwa kabla hazijakwama na kukata mkanda.

Altaneta nzima hubadilishwa pale ambapo waya wa shaba wa ndani umeungua, jambo ambalo hujulikana kwa harufu na rangi nyeusi, au pale gharama ya kurekebisha vitu vitatu vinne inapokaribia bei ya nyingine. Wengi hununua iliyotumika. Ukifanya hivyo, dai ipimwe ikiwa imefungwa kwenye gari lako, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, kabla hujalipa. Hakikisha pia haina uwezo mdogo kuliko ile ya awali. Uwezo huo hupimwa kwa ampea na mara nyingi umeandikwa kwenye kibandiko chake.

Baada ya matengenezo yoyote, rudieni kipimo cha tatu mkiwa wote mnaitazama mita. Namba ikirudi kati ya 13.8 na 14.5, hapo ndipo kazi imekwisha.

Ya kukataa gereji

La kwanza: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama gari litazima. Kipimo hiki kimezoeleka mno mitaani. Betri ikiondolewa ghafla, umeme wa altaneta unaweza kuruka juu sana na kuunguza kompyuta ya gari au diodi. Mita hutoa jibu lile lile kwa usalama.

La pili: kufunga fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukiiondolea kazi hiyo, unachokuwa nacho ni gari linaloweza kushika moto likiwa na abiria.

La tatu: kugusisha nyaya ili kuona cheche. Karibu na betri, cheche ni kitu cha mwisho kukitamani, kama tutakavyoona.

Na kwa akina mama wanaolalamika kwamba wakifika gereji peke yao hupewa orodha ndefu ya vipuri, swali moja husaidia: "Fundi, mita imesoma ngapi kabla na baada ya kuwasha?" Anayejibu kwa namba amepima. Anayejibu kwa hadithi bado anakisia.

Taa ikiwaka mkiwa safarini

Kwanza tazama kipimo cha joto la injini na usikie usukani. Katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji na wakati mwingine pampu ya usukani. Kama taa ya betri imewaka, usukani umekuwa mzito na joto linapanda, mkanda umekatika. Simama mahali salama na uzime injini mara moja, la sivyo utaua injini kwa sababu ya mkanda.

Kama joto liko sawa, unatembea kwa akiba ya betri. Zima kiyoyozi, redio na chaja za simu, lakini usiku usizime taa za mbele kwa lengo la kubana umeme. Usizime injini, kwa kuwa huenda isiwake tena. Nenda sehemu ya karibu yenye watu na mwanga, kama kituo cha mafuta au kituo cha polisi.

Utafika umbali gani? Hesabu yenyewe ni nyepesi. Balbu mbili za mbele za wati 55 peke yake hula karibu ampea tisa. Ukijumlisha pampu ya mafuta, plagi na feni, gari linaweza kutumia ampea 20 au zaidi. Betri ya ampea 45 iliyojaa nusu itakwisha kwa takriban saa moja, na taa zitafifia kabla ya hapo. Si muda wa kumalizia safari ya mkoani usiku.

Mkilazimika kusimama, washa taa za hatari, weka mbali nyuma ya gari zile pembetatu za kuakisi mwanga ambazo wengi huzikumbuka wakimwona trafiki, na toeni watoto garini kwa mlango wa upande usio na magari. Wakae mbali na barabara, si nyuma ya gari wala mbele yake. Wakati wa jua kali, kamwe usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa wakati ukimtafuta fundi; joto la ndani hupanda ndani ya dakika chache.

Betri na mwili wa mtoto

Maji ya betri ni tindikali ya salfa. Huunguza ngozi na yanaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Yasihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa siku moja, na betri kuukuu isiwekwe uani wanakocheza watoto.

Yakiruka jichoni, usitafute maziwa wala mafuta. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Yakimwagika mwilini, vua nguo iliyolowa na osha vivyo hivyo. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, kwa sababu yataunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo na akimbizwe hospitali.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Ndiyo maana kubusti kuna mpangilio. Magari yote mawili yawe ya volti 12 na yasigusane. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake ufungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Cheche ya mwisho itokee pale. Kufungua ni kwa kurudi nyuma. Asivutwe sigara, asisogee mtoto.

Kosa jingine ni kuacha gari linanguruma ndani ya gereji ya nyumbani iliyofungwa ili betri ijae. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kupenya hadi chumba cha kulala. Hutangulia kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na wanaolala huenda wasiamke. Zaidi ya hayo, injini ikiwa kwenye mwendo wa kusimama, altaneta hutoa umeme kidogo. Betri iliyolala kabisa ijazwe kwa chaja, mahali penye hewa.

Mwisho ni betri iliyokufa. Ndani yake kuna madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mapema mwaka 2008 katika eneo ambalo watu walikuwa wakichambua mabaki ya betri. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kwa miaka karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya.

Kwa hiyo betri ya zamani isivunjwe nyumbani kutafuta risasi ya nyavu au ya kuuza. Iache dukani unaponunua mpya. Wauzaji wengi huzipokea. Anayefanya kazi gereji abadili nguo na anawe kabla ya kumbeba mtoto.

Kabla ya siku ya dharura

Wajawazito wanaohudhuria kliniki hushauriwa kuwa na mpango wa kujifungua, ikiwamo usafiri. Kama usafiri wenu ni gari la nyumbani, mpango huo haujakamilika mpaka gari limepimwa. Mwezi wa nane haujachelewa. Namba mbili za mita, moja kabla ya kuwasha na nyingine baada ya kuwasha, zinachukua dakika tano, na fundi umeme wa mtaani anaweza kuzisoma mbele yako.

Fanya hivyo pia kabla ya safari ya likizo, na kila betri inapotimiza miaka mitatu hivi. Gari linalopeleka watoto shule kwa safari fupi fupi likague zaidi, maana kila likiwashwa betri hutoa umeme mwingi na hapati muda wa kurudishiwa wote.

Hata gari likiwa zima, andika pembeni ya kitanda namba ya dereva mmoja wa mtaani anayepokea simu usiku. Kwa Tanzania, mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura anaweza kuombewa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Ufunguo ukigeuzwa mara mbili na gari likakataa, acha kujaribu mara ya tatu, piga simu. Altaneta itatengenezwa kesho.